Je, wajua kwa nini wauza pombe na samaki wa Japani walijifunza kutunga mashairi?

Katika Japani ya enzi ya Edo (1603–1868) mfanyabiashara alihesabiwa wa mwisho, nyuma ya samurai, mkulima na fundi. Pesa alikuwa nazo, heshima ndiyo iliyompiga chenga. Kwenye kikao cha haikai, kila mtu aliitwa kwa jina lake la utunzi, akapimwa kwa ubeti wake.

Haikai ilikuwa shairi la kupokezana. Mmoja hutoa ubeti wa mizani 17 (5, 7, 5), mwenzake hupokea kwa mizani 14 (7, 7), na kuendelea. Mizani yenyewe ina hila yake: n inayofunga silabi huhesabiwa peke yake, kama m ya "mtu" kwetu, na irabu ndefu huhesabiwa mara mbili. Kwa hiyo Sanpu, muuza samaki wa mji wa Edo (Tokyo ya leo) aliyemfadhili mshairi Basho, ana jina la mizani 4: sa-n-pu-u.

Mfululizo uliopendwa, kasen, una beti 36 kwenye karatasi mbili zilizokunjwa, upande kwa upande: 6, 12, 12, 6. Mgeni hufungua kwa msimu wa siku hiyo, mwenyeji hupokea kwa msimu uleule. Mwezi huwekwa kwenye ubeti wa 5, wa 14 na wa 29, ingawa unaweza kusogezwa kidogo. Maua ya cheri hukaa kwenye wa 17 na wa 35. Majira ya kuchipua au ya vuli yakiingia, hudumu beti 3 hadi 5. Ya joto au ya baridi hayazidi 3.

Wanaoanza hukwama kwenye sheria ya kutorudi nyuma. Ubeti huungana na ule uliotangulia tu, na hukatana kabisa na ule wa kabla yake. Tuseme wa kwanza una mvua juu ya mashua, wa pili mwanamke anasubiri mlangoni. Ukileta nyavu kwenye wa tatu, umemfanya tena mke wa mvuvi, na shairi limerudi baharini. Karani wa kikao atakurudishia. Mgeuze awe mama anayemngoja mwanawe atoke shule ya hekaluni: mlango ni uleule, dunia nyingine. Hapo ndipo utamu wote ulipo, na ndipo panapohitaji mazoezi ya miaka.

Mazoezi hayo yaligharimu. Bwana wa fani aliongoza vikao, na wengi walimpelekea beti awape alama kwa malipo. Lakini faida nayo ilikuwepo. Mwaka 1689 Basho, akisafiri kaskazini, alikaribishwa Obanazawa na Suzuki Seifu, mfanyabiashara wa maua yanayotoa rangi nyekundu ya kutilia nguo ambaye biashara ilimfikisha hadi Kyoto na Edo. Ushairi ulipita njia zilezile za mizigo. Itami, mji wa watengeneza sake (pombe ya mchele), ulimtoa mshairi Onitsura. Osaka ilimtoa mshairi Saikaku, ambaye mwaka 1684, kwenye hekalu la Sumiyoshi, alitunga beti 23,500 kwa usiku na mchana mmoja. Ni chini ya sekunde 4 kila ubeti, hivyo karibu zote zilihesabiwa tu, hazikuandikwa.

Duka, hata hivyo, lilitangulia. Kaitokudo, chuo kilichoanzishwa na wafanyabiashara watano wa Osaka mwaka 1724, kilimruhusu mwanafunzi kutoka katikati ya somo akiitwa na shughuli.