Unyevu wa nywele: kinachokosekana katika nywele za kipilipili zilizokauka

Unyevu wa nywele ni kiasi cha maji kilichomo ndani ya unywele wenyewe. Si mafuta yaliyopakwa juu, wala si mng'ao unaoonekana mtu anapotoka kuchanwa. Hapa Unguja na Pemba tofauti hiyo ndiyo inayowasumbua wengi wenye nywele za kipilipili, kwa sababu tumelelewa tukiamini kwamba kichwa kikikauka dawa yake ni mafuta. Bibi humwita mjukuu wake, "Njoo mwanangu, kichwa chako kimepauka, nikutie mafuta," naye huchota mafuta ya nazi kiganjani akayapaka kwenye nywele ambazo hazijaona maji kwa wiki nzima. Nywele hung'aa jioni ile, na asubuhi yake huwa ngumu vile vile. Mapenzi ya bibi hayana kasoro, ila kilichohitajika pale kilikuwa ni maji, na ndani ya mafuta hamna maji.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na kwa nje umefunikwa na magamba madogo sana yaliyolaliana kama makuti ya paa, kila gamba likielekea upande wa nchani. Magamba hayo yanapolala vizuri, maji yaliyomo ndani hayatoki kwa haraka, na vidole vikipita juu husikia ulaini. Yanapoinuka au kumomonyoka, maji huingia upesi na kutoka upesi, na nywele mbili zikikutana hukwaruzana na kushikana, na hapo ndipo mafundo yanapoanza. Unywele mkavu ukiloweshwa hunyonya maji yanayofikia takriban asilimia 30 ya uzito wake. Kwa hiyo maji hayapiti juu tu na kudondoka: yanaingia, na jambo la kushughulikia ni namna ya kuyafanya yakae.

Keratini ni ile ile kwa watu wote. Kinachozifanya nywele za mtu mmoja ziwe za singa na za mwengine ziwe za kipilipili ni umbo la kinyweleo, yaani kile kishimo cha ngozi ambamo unywele huota. Kinyweleo cha nywele za singa kimenyooka, na cha nywele za kipilipili kimepinda ndani ya ngozi, nao unywele hutoka ukiwa bapa kidogo na wenye kujikunja tangu shinani. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake ya asili, ambayo katika nywele za singa huteremka mpaka nchani bila ya kizuizi, lakini katika nywele za kipilipili hukwama kwenye mikunjo ya mwanzo. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na utosi wenye mafuta na ncha kavu kama chane. Tena kila pahala unywele unapojikunja ni pahala dhaifu, ambapo hukatika kwa urahisi ukiwa mkavu. Husemwa sana kwamba nywele hizi hazirefuki, na usemi huo umewavunja moyo watoto wengi wa kike bila ya sababu. Nywele hizo zinaota, kwa wastani wa karibu sentimita moja kwa mwezi, isipokuwa zinakatika nchani kwa kasi ile ile zinayootea.

Hayo hayamaanishi kwamba mafuta hayana kazi. Mafuta huzuia maji yasitoke, na mafuta ya nazi yana sifa ya ziada ambayo wazee waliitambua kwa uzoefu kabla ya maabara kuithibitisha. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli zake ni ndogo na zimenyooka, kwa hiyo hupenya mpaka ndani ya unywele badala ya kubaki juu. Utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ukaonesha kwamba ni ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa kupotea kwa protini wakati wa kuosha nywele. Desturi ya kutia mafuta ya nazi saa chache kabla ya kuosha kichwa ina msingi madhubuti, nami naona ni hasara kubwa kwamba vijana wanaiacha na kukimbilia vikopo vya bei ghali. Mafuta hayo hutengenezwa majumbani bado, hasa Pemba: nazi hukunwa kwa mbuzi, tui zito hukamuliwa na kuachwa usiku kucha mpaka sehemu nzito ijitenge na kupanda juu, kisha huenguliwa na kupikwa kwa moto mdogo hadi maji yakauke na masazo yageuke rangi ya kahawia. Yakitolewa jikoni mapema, kabla maji hayajakauka yote, huchacha baada ya muda, na harufu yake ikishika nywele haitoki kwa urahisi.

Mafuta ya mbarika ni mazito na hayapenyi sana, kwa hiyo yanafaa kupakwa kidogo kwenye ncha ili kuufunga unyevu. Mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ambayo hutolewa kiwandani Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, yanataka tahadhari. Yana kemikali kali iitwayo eugenoli kwa wingi, inayoweza kuiunguza ngozi ya kichwa, na hayafai kupakwa bila ya kuchanganywa, hata yakisifiwa vipi: matone machache ndani ya mafuta ya nazi yanatosha.

Utaratibu basi ni maji kwanza, kisha kondishena au ute wa mshubiri wa kuyashika, kisha mafuta kidogo juu yake. Anayetaka kuamini kwa macho yake achukue mafungu mawili ya nywele zake kavu, moja alipake mafuta peke yake, la pili alirashie maji mpaka lilegee ndipo alipake mafuta yale yale. Kesho yake avute unywele mmoja taratibu kutoka kila fungu. Wenye unyevu hunyooka, hurefuka kidogo, halafu hurudi kwenye mkunjo wake. Mkavu hukatika kabla haujanyooka.

Jambo linalofuata ni namna ya kuosha, na hapa ndipo unyevu mwingi unapopotea. Ngozi ya kichwa na nywele zina hali ya asidi kidogo, karibu pH 5 (katika kipimo hicho 7 ndiyo katikati, na chini yake ni asidi), na sabuni ya kipande ina pH ya 9 hadi 10. Sabuni ya namna hiyo huyainua magamba ya unywele na kuondoa mafuta yote ya asili kwa mara moja. Visiwani kwetu kuna sababu nyengine inayolizidisha tatizo, nayo ni maji yenyewe. Maji tunayoyatumia Unguja kwa sehemu kubwa yanatoka ardhini, katika miamba ya chokaa, na anayetaka ushahidi atazame ndani ya birika lake aone ukoko mweupe uliogandia chini. Chokaa hiyo ikikutana na sabuni hufanya utando unaonata, usioyeyuka, unaobaki juu ya nywele hata baada ya kusuuza mara nyingi, na nywele zikikauka huwa na mguso wa kukwaruza na rangi ya kupauka. Watu huzilaumu nywele, na kosa ni la utando. Kwa sababu hiyo hiyo sabuni ya mwani inayotengenezwa vijiji vya pwani ya mashariki, ambayo ni nzuri kwa mwili na inawapatia kina mama kipato chao, sishauri itumiwe kwenye nywele za kipilipili: ni sabuni ya kipande kama nyengine, mwani ukiwemo au usiwemo.

Shampuu isiyo na salfeti, yaani kemikali kali za kusafishia na kutoa povu, haifanyi utando huo na haikaushi kwa ukali, na mara moja kwa wiki, au kila baada ya wiki mbili kwa nywele zilizosukwa, inatosha kwa vichwa vingi. Asiyeitaka shampuu ana majani ya mkunazi, ambayo yakikaushwa, yakitwangwa na kuchanganywa na maji hutoa povu jepesi kwa sababu ya saponini iliyomo. Husafisha kwa upole, ingawa inabidi unga uwe umechekechwa vizuri, la sivyo mtu atashinda siku nzima akitoa vipande vya majani kichwani. Maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi hayana chokaa, na kusuuzia nayo mara ya mwisho huleta tofauti ambayo mkono unaisikia palepale. Ndimu nayo husaidia kuondoa utando na kuyalaza magamba, kwa sharti iwe kijiko kimoja katika lita nzima ya maji na isuuzwe vyema, kwa sababu maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua huacha alama za kuungua. Baada ya hapo ndipo kondishena huwekwa. Ina chembe zenye chaji chanya, nazo hushika pale unywele ulipoharibika, ambapo pana chaji hasi, na kuufanya uteleze.

Anayeogelea baharini azilowanishe nywele zake kwa maji ya bomba au ya kisima kabla ya kuingia. Unywele ulioshiba maji matamu hunyonya maji ya chumvi kwa uchache zaidi.

Ushauri mwingi unaosambaa kwenye simu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi penye baridi kavu, ambako hewa hunyonya maji kutoka kwenye nywele na mtu hulazimika kujipaka siagi nzito za kila aina. Hewa yetu ina unyevunyevu mwaka mzima, na nywele huupokea. Glisirini, ambayo huvuta maji kutoka kwenye hewa, inafaa kwetu kwa kiasi kidogo, ila katika masika huvuta mengi kupita kiasi na nywele zikafura na kupoteza mikunjo yake, kwa hiyo mvua zikianza ipunguzwe. Mafuta mazito mno nayo, katika joto la kaskazi, hukusanya jasho na vumbi na kuziba ngozi ya kichwa.

Vyombo vya kuchania na kutengenezea nywele hupimwa kwa kanuni hiyo hiyo. Unywele uliolowa hurefuka na kuwa dhaifu kuliko ukiwa mkavu, lakini nywele za kipilipili zikichanwa kavu mikunjo hunasana na kukatika, kwa hiyo zichanwe zikiwa na maji pamoja na kondishena, kwa vidole kwanza, kisha kwa chanuo la meno mapana, fungu moja moja, kuanzia nchani kupanda shinani. Taulo lina nyuzi zenye vitanzi vinavyokwangua magamba. Kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa ni bora zaidi, nayo ibonyezwe juu ya nywele bila ya kusugua. Draya itumike kwa moto mdogo na kichwa chake kipana chenye matundu, kinachotawanya upepo. Pasi ya nywele na kitana cha moto vikiwekwa juu ya nywele mbichi huyachemsha maji ndani ya unywele na kuutoboa kwa mapovu, na madhara hayo hayatengenezeki ila kwa kukata. Anayetaka nywele zilizonyooka kiasi anaweza kuzisuka mabutu makubwa zikiwa na unyevu na kuyafumua zikishakauka kabisa. Maji hulegeza vifungo vya haidrojeni vinavyoupa unywele umbo lake, na unapokauka vifungo hivyo hufungamana upya katika umbo la suko. Mabutu yasibanwe mpaka mtoto akunje uso, kwa kuwa kuvutwa huko kukiendelea kwa miaka ndiko kunakonyonyoa nywele za pembeni mwa uso, na zinaweza zisiote tena.

Limebaki jambo linalowahusu wanawake wengi wa visiwani, wanaofunika vichwa vyao kila watokapo. Mtandio wa pamba au wa nyuzi za plastiki hukwaruza nywele za mbele na za kisogoni kutwa nzima, na pamba hunyonya unyevu ulioingizwa kwa juhudi. Kubwa zaidi ni nywele kufungwa zikiwa mbichi. Mwanamke hukoga josho alfajiri, na ili asichelewe kazini au skuli, hufunga ushungi juu ya kichwa kinachotona maji, na joto la mchana hufanya mle ndani kuwa makao ya mba na fangasi, na harufu ambayo udi hauifichi. Unyevu unaotakiwa ni wa ndani ya unywele, na ngozi ya kichwa yenyewe yapasa ikauke. Aliyesuka halazimiki kufumua misuko yake kwa josho la janaba maadamu maji yamefika mashinani, kama ilivyopokewa katika hadithi ya Ummu Salama, mke wa Mtume, kwa hiyo misuko iliyolegea inafaa sana kwa anayekoga mara kwa mara: baada ya josho abonyeze kila suko kwa kanga, apitishe draya ya moto mdogo kwenye mistari ya ngozi, apake mafuta kidogo nchani, ndipo ajifunike. Chini ya mtandio avae kofia yenye satini upande wa ndani, na asiyeiona dukani ampelekee fundi cherehani kofia yake ya pamba pamoja na kipande cha satini, aishonee kama bitana.