Parasha si sura

Juzi tena, katika darasa la Biblia, mwenzetu mmoja alisema kwa uhakika kabisa kwamba Wayahudi husoma sura moja ya Torati kila Sabato. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na hesabu yenyewe haikubali. Torati ina sura 187. Ukisoma moja kwa juma, utahitaji zaidi ya miaka mitatu na nusu kuimaliza, ilhali wao huvimaliza vitabu vyote vitano ndani ya mwaka mmoja na kuanza upya Mwanzo siku hiyohiyo ya kumaliza, sikukuu iitwayo Simchat Torah.

Wanachokisoma kinaitwa parasha, yaani fungu la Torati lililowekewa juma lake. Mafungu hayo ni 54. La juma husomwa kwa sauti kutoka kwenye gombo asubuhi ya Sabato, na watu saba huitwa mbele, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa sehemu yake. Maana ni hiyo.

Tabu inatoka kwenye neno "sura". Sizungumzii sura ya uso. Hiyo nayo ni ya Kiarabu, ila kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi nyingine, na ni sisi tu tuliozifanya zitamkike sawa. Sura ya Kurani ni kitu kizima, chenye jina lake tangu zamani. Watafsiri wa Biblia walipohitaji jina la vile vipande vyenye namba, wakaliazima neno hilohilo. Hapo tayari neno moja linabeba mizigo miwili, na sasa tunataka kulitwisha wa tatu.

Parasha inatokana na mzizi wa Kiebrania wenye konsonanti p-r-sh: kutenga, kupambanua, na pia kufafanua. Msomaji wa Biblia anaufahamu mzizi huo bila kujua, maana Mafarisayo wametoka humo: waliojitenga. Kabla ya kuwa fungu la juma, parasha ilikuwa ni kipande cha maandishi kilichotengwa na kingine kwa nafasi tupu. Gombo la Torati halina namba za sura, halina namba za aya, hata irabu halina. Lina nafasi tu. Mwandishi wa gombo analazimika kuiacha kila nafasi mahali pake, na desturi ya kuacha nafasi za namna hiyo inaonekana hata katika magombo ya Qumran, yale ya kale yaliyopatikana karibu na Bahari ya Chumvi.

Sura za Biblia ni jambo la baadaye sana. Anayetajwa kuzipanga ni Stephen Langton, aliyefundisha Paris na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Canterbury, akafariki mwaka 1228. Wayahudi walizichukua namba hizo baadaye, zikawafaa hasa katika mijadala yao na Wakristo, kwa kuwa kila upande ulihitaji kutaja mahali pamoja. Zinafaa kutafutia andiko. Lakini hazijui ibada, na pa kuonea hilo ni ukurasa wa kwanza wenyewe wa Biblia. Sura ya kwanza ya Mwanzo inaisha siku ya sita. Siku ya saba imesukumwa ng'ambo, sura ya pili, aya ya 1 hadi 3. Sabato imekatwa kutoka kwenye juma lake! Myahudi anaposoma Kidushi, dua ya kuitakasa Sabato, juu ya kikombe cha divai Ijumaa usiku, huanza na maneno ya mwisho ya sura ya kwanza, kisha anaingia ya pili bila kusimama, kana kwamba hakuna mpaka. Kwake hakuna.

Msomaji aliyepitia chuo cha Kurani Pwani anacho tayari kipimo kilicho karibu zaidi: juzuu. Kurani ina sura 114, lakini kwa ajili ya kusomwa imegawanywa juzuu 30, na juzuu haiogopi kupita katikati ya sura. Ya kwanza inaishia ndani ya Al-Baqara. Kisha angalia majina. Watoto huanza na juzuu Amma, jina lililotokana na neno lake la kwanza. Parasha nazo huitwa vivyo hivyo, kwa neno au maneno ya mwanzoni. Ndiyo maana Chayei Sarah, "maisha ya Sara", inafungua kwa kifo cha Sara. Jina halikukusudiwa kuwa kichwa cha habari. Tofauti ni kwamba juzuu zinakaribiana urefu, na parasha hazikaribiani: Naso ina aya 176, Vayelech 30.

Kalenda ya Wayahudi nayo huchanganywa kwa namna hiyohiyo. Husemwa kwamba ni ya mwezi "kama ya Kiislamu". Miezi yao kweli hufuata mwandamo, lakini huongeza mwezi mzima wa kumi na tatu mara 7 katika kila miaka 19, ili Pasaka isitoke kwenye majira yake ya machipuko. Ramadhani huzunguka mwaka mzima. Pasaka yao haizunguki. Mwaka wao wa 5784, ulioanza Septemba 2023, ulikuwa na miezi miwili ya Adari. Mwaka kama huo una majuma ya kutosha, na mafungu mengi husomwa moja moja. Mwaka wa miezi 12 una majuma machache, tena sikukuu ikiangukia Sabato huja na somo lake na kulisogeza fungu, hivyo baadhi husomwa mawili kwa pamoja, kama Tazria na Metzora. Hupangwa hivyo ili Devarim, fungu la kwanza la Kumbukumbu la Torati, lisomwe daima Sabato iliyo kabla ya mfungo wa siku ya tisa ya mwezi wa Av, wa kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu. Sura zenye namba hazikuumbwa kubeba mpango huo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa darasani, sema "fungu la juma", au parasha yenyewe. Ukitaka kulipata katika Biblia yako, uliza jina kwanza, ndipo uulize linaanzia wapi. Noach, kwa mfano, linaanzia Mwanzo 6:9, katikati ya sura, na linaishia 11:32.