Mnazi kwenye baridi: tazama mizizi kabla ya makuti

Watu wanaoishi pembezoni mwa ukanda wa joto, mahali ambapo jalidi, yaani umande ulioganda, huanguka kwa nadra lakini kila mwaka kuna miezi miwili mitatu ya baridi na mvua, hutuuliza sisi wa bustani ya mimea swali lilelile: mnazi unastahimili nyuzi ngapi? Swali lina maana, ila halitoshi. Usiku mmoja wa baridi kali unaweza kuunguza makuti na mnazi ukapona. Kinachoumaliza mara nyingi ni wiki nyingi mfululizo ndani ya udongo baridi uliolowa.

Mwembe ukikatwa kilele huchipua ubavuni. Mnazi hauwezi. Uhai wake wote wa kukua uko mahali pamoja, kwenye shaha, ule moyo mweupe laini uliofichwa katikati ya makuti. Shaha likioza, makuti yanaweza kubaki kijani kwa miezi, lakini mti umekwisha kufa. Mchikichi na mpopoo ni hivyohivyo.

Mnazi hustawi pale wastani wa joto unapokaribia nyuzi 27 za Selsiasi. Udongo ukishuka chini ya takriban nyuzi 15 na kubaki hapo, mizizi karibu inasimama kazi. Makuti huanza kugeuka manjano, na hapo ndipo mwenye mti hukosea: anadhani una njaa au kiu, anaongeza mbolea na maji. Mizizi iliyolala hainywi. Maji yanabaki pale chini, hewa inakosekana, na fangasi wanapata nafasi. Msimu wa baridi, mwagilia kidogo sana, na mbolea iache kabisa. Lishe ya kuuandaa mti, hasa potasiamu, hutolewa wakati bado kuna joto, ili ifike kwenye makuti kabla ubaridi haujaingia.

Kwa hiyo chagua mahali kwa kufikiria mizizi. Panda mwanzoni mwa msimu wa joto, juu ya tuta la mchanga mwingi na changarawe, lenye kina cha kutosha, maji yapite upesi na jua lipashe udongo. Ukuta wa mawe au matofali unaotazama jua huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Bondeni usipande, hata kama pamejikinga na upepo: usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi huteremka na kutuama huko kama maji. Matawi ya mti mkubwa juu ya mnazi mchanga husaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu huzuia joto la ardhi lisipotelee angani. Weka kipimajoto palepale penye mti, usitegemee taarifa ya hali ya hewa ya mji mzima. Usiku wa hatari, funika kwa kitambaa na ukiondoe asubuhi. Plastiki inayogusa makuti huyaunguza.

Niseme wazi pia kwamba mnazi ndio chaguo gumu kuliko yote. Mkindu hustahimili jalidi nyepesi. Mtende huvumilia zaidi, mradi mahali pawe pakavu. Kentia, mti wa jamii ya minazi unaotoka kisiwa cha Lord Howe cha Australia, na nikau ya New Zealand, ya jamii hiyohiyo, zimezoea hewa ya ubaridi na unyevu tangu asili yao. Mimi ningeanza na hizo, nikishajua tabia ya kiwanja changu ndipo nijaribu mnazi.

Baridi ikiisha, shika lile kuti changa la katikati, lililosimama kama mkuki, ulivute taratibu. Likiwa imara, liache. Likichomoka mkononi, mwisho wake ukiwa wa kahawia, unateleza na kunuka, uozo umeingia, lakini usiung'oe mti. Niliwahi kung'oa mmoja haraka, nilipoupasua nikakuta shaha bado jeupe safi, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Toa kilichooza, kausha tundu, tia dawa ya ukungu yenye shaba, kisha lizuie lisiingie mvua. Makuti yaliyokauka nusu usiyakate mpaka joto lirudi, kwani sehemu iliyobaki kijani bado inaulisha mti.

Kwa mti ambao mkuki wake haukuchomoka lakini unauonea shaka, chukua kalamu ya wino usiofutika, chora mstari mmoja ulionyooka unaopita juu ya mkuki na kuti jirani lililokwisha kukomaa. Subiri wiki mbili za joto. Kuti lililokomaa halisogei tena, kwa hiyo mstari wa mkuki ukipanda juu ya mwenzake, hata kwa upana wa ukucha, shaha liko hai na mizizi imeanza kunywa. Mstari huo usipopanda, rudia kila wiki mbili hadi katikati ya msimu wa joto, kwa kuwa mnazi uliopigwa na baridi unaweza kuchukua miezi kadhaa kabla ya kusukuma kuti jipya.