Skolashipu ya mpira kwenye vyuo vidogo vya Marekani, tusidanganyane

Jamani hili naliandika kwa uchungu, kuna dogo mtaani kwetu baba yake aliuza bodaboda ili amlipe mtu aliyejiita ajenti, akaahidiwa skolashipu ya soka Marekani, kumbe chuo alichotajiwa kipo Divisheni 3 na hiyo skolashipu haipo kabisa.

Dhana: ukijua mpira, chuo kidogo kitakusomesha bure.

Ukweli: NCAA ndo inasimamia michezo ya vyuo vingi kule na ina divisheni tatu. Divisheni 3 ndo kubwa kuliko zote, vyuo zaidi ya 400, vingi vidogo vidogo, na huko skolashipu ya michezo ni marufuku hata uwe unapiga chenga kama nini. Unapunguziwa ada kwa sababu ya ufaulu wako au hali ya kipato nyumbani, kocha hana fungu la kukupa, ndo maana ukimwandikia atakuuliza matokeo yako ya shule mapema tu. Divisheni 2 wanatoa, ila kikomo ni skolashipu 9 kwa timu nzima ya wanaume na 9.9 kwa wanawake, zinakatwakatwa vipande, sasa kikosi kikiwa na watu 30 piga hesabu mwenyewe unabaki na nini. Halafu kuna viza, lazima uonyeshe hela ya mwaka wa kwanza ipo.

Dhana: chuo kidogo, mpira wa mchangani.

Hapana aisee. Messiah, chuo kidogo cha Kikristo pale Pennsylvania, wanaume wao wamebeba ubingwa wa Divisheni 3 mara 11 kati ya 2000 na 2017, na 2005 wanaume na wanawake wote walibeba. Kinachowachanganya wageni ni sheria. Saa ya uwanjani inaanzia 45 inashuka mpaka sifuri, na aliyetolewa kwa kubadilishwa anaweza kurudi, kwa hiyo usije ukatolewa dakika ya 25 ukadhani kocha kakuchukia, ni kupokezana pumzi tu.

Dhana: timu ya wanawake ipo kwa jina.

Hii ndo inaniuma zaidi maana mabinti wetu wanaambiwa hivyo hivyo. Tangu 1972 kuna sheria inaitwa Title IX, chuo kinachopokea hela ya serikali kuu hakiruhusiwi kubagua kijinsia, na michezo imo, yaani mpaka vyumba vya kubadilishia nguo, ratiba ya mazoezi, vifaa na safari vinaangaliwa. Na 2022 Julianne Sitch, msimu wake wa kwanza kuwafundisha wanaume wa University of Chicago (chuo kikubwa kiasi ila kipo Divisheni 3), alimaliza bila kufungwa hata mechi moja, fainali akakipiga chuo cha Williams 2-0, mwanamke wa kwanza kubeba taji la NCAA la soka na timu ya wanaume.

Kwa hiyo binti au kijana, barua pepe ya kocha iko wazi kwenye tovuti ya chuo. Mtumie video fupi na matokeo yako, mwenyewe, hakuna ajenti wa kulipwa hapo.