Mwanamke havui? Yasemwayo na yalivyo pwani za Unguja na Pemba

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni hii: bahari ni ya wanaume, mwanamke kazi yake kumsubiri mvuvi arudi. Nenda Chwaka, Jambiani au Kisiwa Panza siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakishakupwa, uone ni nani wamejaa pwani. Wanawake wanachokoa pweza, wanaokota chaza na kombe, wanatanda uduvi kwa vitambaa, wanakagua kamba za mwani. Wanavua. Ila wanavua kwa miguu, bila chombo, na hapo ndipo wanapopotea kwenye hesabu. Takwimu zetu za uvuvi hukusanywa dikoni, yaani pale vyombo vinapotia nanga na kushusha samaki, bwana diko akiandika daftarini samaki walioshushwa kutoka vyomboni. Pweza aliyechokolewa mwambani akauzwa hapo hapo kijijini, au kombe walioishia chunguni kwa chakula cha watoto, mara nyingi hawalioni daftari hilo. Kisha mipango ya uvuvi hutungwa kwa kutazama daftari.

Kuhusu mwani husemwa kuwa ni kazi nyepesi ya kujazia pato la mume, na kwamba wanawake walioiacha wameiacha kwa uvivu. Maneno haya yananikera, kwa sababu wanaoyasema mara nyingi hawajawahi kubeba gunia la mwani mbichi kichwani kutoka majini hadi nchi kavu. Kilimo cha kibiashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Leo wakulima ni maelfu kwa maelfu, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mavuno yanatoka Pemba. Mkulima anapigilia vigingi, anafunga mbegu moja moja kwa taitai, vijikamba vya kufungia, anasubiri kama wiki sita, anavuna, anabeba, anaanika. Macho na ngozi huwasha, mgongo unauma, na chini mchangani kuna samaki aina ya taa na miiba ya fuma. Zao hilo ni miongoni mwa yanayoingizia Zanzibar fedha za kigeni, na rojo lake huishia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi vya nchi za mbali.

Kilichowarudisha nyuma wakulima ni joto la maji na bei. Aina mbili zililetwa: kotonii, yenye rojo gumu na bei nzuri, na spinosamu, ambayo bei yake ni ya chini. Kuanzia miaka ya 2000 kotonii ilianza kufa katika maeneo mengi. Maji ya kina kifupi yanapochemka kwa jua, mmea hudhoofika, matawi hugeuka meupe na kukatika. Mkulima akabaki na spinosamu, akifanya kazi ile ile kwa malipo madogo zaidi. Anayeacha shamba kwa hali hiyo amepiga hesabu zake vizuri tu.

Watafiti, akiwemo Flower Msuya aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Unguja, wamejaribu njia ya kuihamishia kotonii kwenye maji ya kina, ambako joto halipandi na kushuka sana, kwa kutumia nyavu za mfano wa bomba. Kitaalamu ni suluhisho la kweli. Lakini kina kinataka mtu anayejua kuogelea na mwenye chombo, na wasichana wengi wa vijiji vyetu hawakufundishwa kuogelea kama kaka zao, wala hawarithishwi ngalawa. Mradi ukileta nyavu peke yake, bila mafunzo ya kuogelea na bila boti iliyo mikononi mwa kikundi cha wanawake wenyewe, shamba litahamia kwa mwenye chombo. Hapa mambo ya mazingira na ya usawa hayatenganiki hata kidogo.

Wapo pia wanaosema hifadhi haina jinsia: mwamba ukifungwa umefungwa kwa wote. Chukua kufunga pweza, yaani kuzuia uvuvi wa pweza mwambani kwa muda, utaratibu uliopata umaarufu Andavadoaka, Madagaska, kuanzia mwaka 2004, na ambao vijiji vya Pemba na Unguja, Kisiwa Panza kikiwemo, vimeufuata. Pweza hukua haraka mno, kwa hiyo kuufunga mwamba miezi michache kunaleta pweza wakubwa. Ninauunga mkono. Ila mwenye ngalawa, eneo likifungwa, anahamia mwamba mwingine. Anayekwenda kwa miguu hana pa kuhamia. Na siku ya kufungua, mwenye miwani ya kuzamia hufika kabla maji hayajakupwa, mama aje kukuta mashimo matupu. Kamati inaweza kuliacha wazi eneo la miguu, au kuwatengea wanawake siku yao ya kwanza. Ni suala la kuamua tu.

Mikoko nayo huambiwa inamalizwa na wanawake kwa kuni. Kuni zimo, kweli, lakini boriti za kujengea, mkaa na tanuri za chokaa vimekula mikoko mingi pia, na hizo ni biashara ambazo wakataji na wauzaji wake wengi ni wanaume.

Dhana ya mwisho ni ya wasomi: usawa tumeshaupata, Rais Samia Suluhu Hassan ni mtu wa Kizimkazi, na katiba ya Zanzibar imewatengea wanawake viti maalumu katika Baraza la Wawakilishi. Yote ni kweli na ni ya kujivunia. Lakini wapi pafungwe, hoteli iruhusiwe kuzuia njia gani ya pwani, nani apewe boti, mengi ya hayo huanza kuzungumzwa kwenye shehia, ngazi ya chini ya utawala inayoongozwa na sheha, na kamati zake za uvuvi, na masheha wengi bado ni wanaume. Tena mikutano huitishwa saa nne asubuhi. Kwetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa kabisa karibu na saa hiyo hiyo, wakati ambao mkulima wa mwani na mchokoa pweza hawawezi kuuacha. Kesho yake huambiwa walialikwa hawakuja. Nyakati za bamvua zinajulikana mwaka mzima kabla. Sheha anayewataka wanawake hao kikaoni awaite siku za maji mafu, ambapo bahari haikupwi sana.