Mzazi Anasahau? Acheni Kusema "Ni Uzee Tu"

Alzheimer ni ugonjwa gani?
Ni ugonjwa wa ubongo, na ndiyo sababu kuu ya demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Protini za amiloidi na tau hurundikana na seli za ubongo zinakufa polepole. Mrundikano huanza miaka mingi kabla ya dalili.

Mama ana miaka 74 na anauliza swali moja mara tano kwa asubuhi moja. Si uzee tu?
Hapana. Kusahau ulikoweka funguo kisha ukakumbuka, huo ni uzee. Kupotea njia ya sokoni aliyoipita miaka 30, kushindwa kuhesabu chenji, kuunguza sufuria kila wiki: hapo kuna ugonjwa wa kutafutwa.

Tumwangalie kidogo kwanza?
Hapana. Huko "kumwangalia" ndiko kunakotuletea wagonjwa ambao hawawatambui tena wanawe. Wengine wamezungushwa kwa waganga mwaka mzima kwamba wamerogwa. Kama amechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msingoje hata kesho: huenda ni maambukizi, kiharusi au sukari iliyoshuka.

Kuna dawa mpya za kuponya?
Za kuponya, hakuna. Lecanemab iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, donanemab 2024. Zote huondoa amiloidi kwenye ubongo. Ya kwanza huanza kwa dripu kila baada ya wiki mbili, ya pili kila wiki nne. Katika utafiti wa miezi 18, lecanemab ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27. Kasi tu, kilichopotea hakirudi. Zinaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu humo, ndiyo maana picha za MRI hurudiwa, na waliorithi nakala mbili za jeni ya APOE4 wamo hatarini zaidi. Tena ni za dalili za mwanzo tu. Aliyecheleweshwa hapewi.

Dawa hizo hatuzipati. Kuwahi kuna faida gani?
Kubwa, kwa sababu si kila anayesahau ana Alzheimer. Tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12 na sonona hutibika. Mzee aliyeteleza bafuni wiki tatu zilizopita anaweza kuwa na damu iliyovilia kichwani. Ikiondolewa, akili hurejea. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, hata vidonge vya mafua alivyojinunulia dukani: chlorpheniramine, iliyomo katika vingi vyao, huvuruga kumbukumbu za wazee. Na aje na mtu anayeishi naye, si mjukuu aliyefika jana.

Mimi nina miaka 45, na baba anaugua. Nifanye nini?
Pima presha. Ukipewa dawa, meza kila siku. Kuziacha kwa sababu "najisikia vizuri" ni kosa tunaloliona kila kliniki. Presha haiumi, inaharibu kimyakimya mishipa midogo ya ubongo. Ripoti ya tume ya jarida la tiba la Lancet ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, lehemu mbaya, sigara, pombe nyingi, kutofanya mazoezi na upweke. Masikio pia yamo, nayo hudharauliwa mno: asiyesikia hujitenga, na ubongo hukosa kazi. Apimwe, pengine ni nta tu, inatolewa siku hiyohiyo.

Nikigundua baba ameanza kusahau mwaka jana, tumeshachelewa?
Mleteni wiki hii. Msisubiri Idi wala Krismasi ili ndugu wote wakutane kwanza.