Je, wajua simu inapataje neno refu la Kiingereza lenye herufi zote za DODOMA?

Kuna mchezo wa maneno ambao ni mtamu sana ukiucheza na majina ya huku kwetu. Mnachukua jina la mji, mfano DODOMA, afu kila mtu atafute neno refu la Kiingereza lenye herufi zote hizo ndani yake, zikae mpangilio wowote, kuongeza herufi nyingine ruksa ila kupunguza hata moja hairuhusiwi. D ziwe mbili, O ziwe mbili, M na A. Watu wanakodoa macho weee, mmoja anachoka anaingiza kwenye simu na palepale inamletea ACCOMMODATED, DEMODULATOR na DEMODULATION.

Sasa wengi wanadhani simu inajua Kiingereza kuliko wao. Wapi, haijui Kiingereza hata cha kuombea maji! Inachojua ni kuhesabu.

Kwanza elewa kwamba haianzi kupanga panga herufi kama unavyofanya wewe kichwani. Chukua SINGIDA, herufi 7, I zikiwa mbili. Ukizipanga hizo peke yake unapata mipangilio 2,520, na hapo bado hujaongeza kitu. Ukisema unaongeza herufi 3 tu ili neno lifike herufi 10 unajikuta na mipangilio zaidi ya bilioni mbili, na karibu yote ni takataka isiyosomeka. Hiyo njia haina maana hata kwa kompyuta.

Kwa hiyo inaenda kinyumenyume. Inaanzia kwenye orodha ya maneno ambayo tayari ipo, mfano ile ya kamusi ya Collins wanayotumia wacheza Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, ina maneno zaidi ya 270,000, inapita neno moja moja na kuliuliza swali lilelile: we una D mbili? una O mbili? M? A? Likikosa kimoja linatupwa, twende lingine. Laki mbili na ushee kwa binadamu ni kazi ya wiki nzima, kwa simu ni kufumba na kufumbua.

Na ili iende fasta zaidi kuna ujanja mmoja ambao mimi naupenda kuliko yote, kupanga herufi za kila neno kwa alfabeti. DODOMA inakuwa A D D M O O. DEMODULATION inakuwa A D D E I L M N O O T U. Hebu pitisha kidole taratibu kwenye hiyo ya pili kutoka kushoto: A ipo, D ipo, D tena ipo, ruka mpaka M, ruka mpaka O, O tena, umemaliza. Hurudi nyuma hata mara moja. Sasa jaribu ACCOMMODATE bila ile D ya mwisho, inakuwa A A C C D E M M O O T. A sawa, D sawa, unatafuta D ya pili unakutana na E, basi, hapo unajua imefeli na huna haja ya kuendelea mpaka mwisho. Herufi moja tu ya mwishoni ndo inatofautisha neno linalopita na linaloanguka, na jicho la mtu hilo kosa linalipitisha kirahisi sana maana linaona D ipo linaridhika.

Wenye laptop yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, wanaweza kujaribu wenyewe, mara nyingi kuna faili la maneno linaitwa words, na amri ya kutafutia inaitwa grep. Mfano kwa KONGWA, unaiambia ikupe yenye k, majibu unayapitisha kwenye grep nyingine ikupe yenye w, hivyohivyo mpaka herufi ziishe. Ila angalia herufi zinazojirudia, hapo lazima uandike d.*d ndo itafute mbili.

Haya, na wewe usiye na simu mkononi ufanyeje? Usishindane na mashine kwa kuhesabu, utaumbuka. Wewe una kitu haina, unajua maneno ya Kiingereza yanavyoanza na yanavyoishia. Rudi kwenye SINGIDA. Toa I, N, G uziweke mwisho kabisa, ule mkia wa ING. Zimebaki S, I, D, A. Toa D, I, S uziweke mwanzo. Umebaki na A moja pale katikati! Sasa kazi yako ni kujaza tu kati ya DIS na ING huku A ikiwemo: DISARMING, DISABLING, DISPLAYING, DISCARDING. Mlolongo mzima unamwagika wenyewe. Ukishalegeza kidogo ile DIS unapata na ADVISING, ambayo ni SINGIDA yenyewe imeongezwa V tu, na MISLEADING pia imo.

Pale ambapo hakuna mkia, anza na herufi ngumu. KONGWA ina K na W pamoja, na kwa Kiingereza maneno yenye zote mbili sio mengi kihivyo, kichwani zinakuja KNOW, WORK, WALK, WEEK. Shika KNOW, umebakiza G na A tu: ACKNOWLEDGE, KNOWLEDGEABLE. Shika WORK, weka ING nyuma, tafuta A: METALWORKING. KONDOA nayo shika OOK ya mwisho utaifikia HANDBOOK. BAHI wala haina shida, REHABILITATION. Ila bingwa wa reli ya kati kwangu ni MANYONI, ukiongeza T na Y tu unapata ANONYMITY, hakuna herufi iliyobaki wala iliyozidi.

Mbona mingine inagoma basi? Maneno yetu yanajaa irabu maana karibu kila silabi inaishia na irabu, halafu K na W tunazitumia kama maji, wakati Kiingereza hizo kinazibania. Huyu Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi miaka ya 1930 akabuni mchezo uliokuja kuitwa Scrabble, alikaa na magazeti akahesabu kila herufi inatokea mara ngapi ndo akagawa vipande. Katika vipande 100 E akaipa 12, A akaipa 9, ila K akaipa kimoja tu chenye pointi 5.

Ndo maana MPWAPWA inawatoa watu jasho. Inataka P mbili na W mbili, na kwenye mfuko wa Scrabble ya Kiingereza P zipo mbili na W zipo mbili, yaani ni kama ungetakiwa uwe umeokota zote we peke yako kabla hata hujaanza kuwaza neno gani.